Kiboksi cha Kumshikia Shemeji Nafasi

Baada ya dansi, nikiwa nakunja waya, mara nyingi hutokea mpiga gitaa wa mahali hapo akainama kukitazama kiboksi kilicho miguuni pangu. Ni kidogo, kama nusu ya mche wa sabuni. Kimepakwa rangi ya kijani iliyobaki baada ya kupaka mlango wa dada yangu, na kina vitufe vitatu vya kuzungusha na swichi moja ya kukanyaga. Huniuliza nilikinunua wapi. Nasema nilikitengeneza mwenyewe, Ifakara. Sijawahi kuendelea zaidi ya hapo. Ningeendelea, ningelazimika kusema kwamba kilitengenezwa ili kimshikie mtu nafasi yake kwenye bendi kwa wiki tatu, mtu huyo akiwa shambani, na kwamba mimi ndiye niliyeachiwa kazi ya kuilinda nafasi hiyo. Mtu mwenyewe ni mume wa dada yangu.

Nilimaliza kidato cha nne nikijua mambo mawili: fizikia kidogo, na kwamba siwezi kukaa. Nimeishi Makambako, Tunduma, Songea, Kahama, na kwingine ambako nilikaa muda mfupi hata simkumbuki mwenye nyumba. Kila mahali nilitengeneza redio na spika mchana, na mwisho wa wiki nilipiga gitaa kama kulikuwa na bendi ya kunipokea. Nikichoka, au nikianza kusikia harufu ya mpunga mbichi mahali ambapo hapana mpunga, napanda gari narudi Ifakara kwa dada. Ana swali lake moja ambalo huniuliza kabla hata sijakaa: nimekuja na begi au na mzigo? Begi ni siku nne. Mzigo ni miezi.

Safari ile, miaka minne iliyopita, nilikuja na mzigo. Shemeji alikuwa akipiga gitaa la pili kwenye bendi ndogo ya harusi na sherehe, bendi ya watu watano na gari moja. Mpiga solo wao alikuwa amehamia Morogoro. Shemeji akanipeleka kwa kiongozi wa bendi siku ya tatu tu baada ya kufika kwangu, akasema huyu ni mdogo wa mke wangu, mjaribuni. Nikajaribiwa, nikachukuliwa. Kwa hiyo hata nafasi yangu mimi ilitoka mkononi mwake. Nalitaja hilo mapema kwa sababu huko mbele nitatamani kulisahau.

Kama hujawahi kusikia magitaa mawili yakipigwa kwa mtindo wetu, fikiria wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Mchi wa huyu ukipanda, wa yule unashuka, na mtu anayesikia kutoka nyuma ya nyumba hawezi kujua ni mikono ya watu wangapi. Mimi nilipiga, shemeji akaingia katikati ya noti zangu. Hakuwahi kuniingilia, wala kuniacha. Na alikuwa na tabia ya kuchelewa kidogo, kidogo sana, ukafikiri leo hatakuja, halafu huyo hapo. Wachezaji walikuwa wakiinua mabega kwa sababu ya kule kuchelewa, ingawa wao walidhani ni besi.

Tatizo lilikuwa mpunga. Shemeji ni mkulima kabla hajawa kitu kingine, na shamba lake liko ng'ambo ya mto. Kila mwaka, punje zikianza kujaa maziwa, kwelea, vile vindege vinavyokula nafaka, wanashuka kama moshi, na wenye mashamba wanahamia huko huko kuamia. Unajenga dungu, kijukwaa cha miti cha kukalia, unafunga kamba zenye makopo kutoka pembe hadi pembe, na kuanzia alfajiri mpaka jua kuzama unavuta kamba na kupiga kelele. Ukiondoka nusu siku, umevunia ndege. Dada alikuwa na mgongo mbovu, hakuweza kupanda dungu. Hivyo kila mwaka, kwa wiki tatu, bendi haikuwa na gitaa la pili.

Miaka ya nyuma kiongozi alivumilia. Mwaka ule mialiko ilikuwa mingi, na akamwambia shemeji mbele yetu sote, bila ukali, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Safari hii ukienda nitatafuta mtu. Na mtu akishakuja, mimi simtoi."

Jioni hiyo shemeji alikuwa amekaa uani anaosha miguu. Akaniita.

"Shemeji, wewe si fundi redio?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Basi nitengenezee mtu."

"Mtu wa aina gani?"

"Wa kukaa pale nilipo kwa wiki tatu. Asiwe mlaji."

Dada akasema kutoka jikoni kwamba huyo mtu akipatikana atengenezewe na yeye mmoja wa kuchota maji. Tukacheka. Lakini niliona kwamba shemeji hakuwa akitania sana, kwa maana aliendelea kuosha mguu mmoja ule ule. Ile bendi ndiyo ilikuwa Jumamosi yake. Siku nyingine zote alikuwa mtu wa jembe.

Nilikuwa nimeona kwenye simu mchoro wa kifaa cha gitaa kinachochelewesha sauti. Unapiga noti, kifaa kinaishika, kinaikalisha kidogo, kisha kinaitoa nyuma ya ile ya kwanza. Ukikipa muda unaofaa, noti iliyocheleweshwa inaangukia katikati ya noti zako mbili, pale pale ambapo mchi wa pili hushuka. Nilipoutazama ule mchoro upya nikagundua kwamba moyo wake ni aisii moja, kile kidude cheusi cha kwenye sakiti, yenye miguu kumi na sita, ile ile iliyomo kwenye amplifaya za bei nafuu zenye kitufe cha mwangwi, ambazo wahubiri na watangazaji wa minada huzipenda. Na mimi nilikuwa na amplifaya kama hiyo, imekufa upande wa nguvu, mwenyewe alishaniambia nile vipuri.

Kuitoa ile aisii kulinichukua mchana mzima. Sikuwa na kifaa cha kunyonya risasi ya kulehemu, kwa hiyo nilichuna nyuzi za shaba kutoka kwenye waya wa umeme, nikazipaka utomvu mkavu wa paina niliobeba kutoka Mufindi, nikaziweka juu ya kila mguu na kuzichoma mpaka zinywe risasi yote. Mguu wa kumi na sita ulipoachia, shemeji aliyekuwa akinitazama alishusha pumzi kama mtu aliyetoa mwiba. Betri lilikuwa la volti tisa na aisii inataka tano, nikachomoa reguleta yenye miguu mitatu kutoka kwenye redio ya gari. Ya kwanza niliiunguza kwa kugeuza nyaya za betri. Ya pili ilikubali. Sakiti nikaijenga juu ya kipande cha plastiki ngumu nilichokitoboa kwa sindano ya moto. Nyumba ya vyote hivyo ilikuwa boksi la chuma la swichi ya ukutani, na kifuniko nikakikata kutoka kwenye sufuria ya dada iliyotoboka. Yeye anasema haikuwa imetoboka.

Tulipochomeka gitaa mara ya kwanza, sauti ilitoka nyembamba, na nyuma yake kulikuwa na mlio usiokwisha.

"Mtu wako analia kama mbu," dada akasema.

Gitaa halina nguvu ya kusukuma aisii peke yake. Nikatanguliza transista ndogo mlangoni ili iipokee sauti na kuisukuma ndani. Sauti ikanenepa. Mlio nao ukaisha nilipokwaruza rangi ndani ya boksi na kuunga waya wa ardhi kwenye chuma kitupu. Ni jambo ambalo fundi wa mwezi mmoja angelikumbuka, na mimi lilinichukua siku mbili. Kikabaki na kasoro moja ambayo kinayo hadi leo: ukizungusha kitufe cha muda hadi mwisho, sauti inayorudi inachafuka, inakuwa kama mchele unaomwagwa kwenye bati. Lakini hatukuhitaji kufika mwisho. Tulihitaji muda wa shemeji tu.

Tuliutafuta Jumapili moja mchana. Mimi nilipiga kipande kilekile, shemeji akakaa kwenye kigoda akipiga lake, na kiboksi kikawa mtu wa tatu. Mwanzoni kiliwahi. Shemeji akatikisa kichwa. Nikaongeza kidogo. Kikachelewa mno. Nikarudisha kwa upana wa unywele. Tulienda hivyo kwa muda mrefu, na mahali fulani katikati sikuweza tena kutofautisha noti yake na ya kiboksi. Yeye ndiye aliyeacha kupiga kwanza. Akanyoosha vidole. Nikaendelea peke yangu, na gitaa lake likaendelea kusikika wakati mikono yake iko magotini.

"Hapo," akasema. "Weka alama."

Dada akatoa rangi yake nyekundu ya kucha, nikaweka tone kwenye kitufe na lingine kwenye boksi.

Shemeji akaniambia nipige tena, akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. "Kinarudia maneno yako," akasema. "Mimi huwa nakujibu."

"Ni kweli."

"Lakini kwa wiki tatu watavumilia." Akakiokota, akakipima uzito mkononi. "Nikirudi, unakizima."

"Nakizima."

Ndiyo ahadi yenyewe, yote. Alhamisi iliyofuata alifunga godoro na sufuria kwenye baiskeli, akavuka daraja.

Harusi ya kwanza bila yeye ilikuwa Sanje. Nilikuwa na hofu kama siku ya mtihani. Nikakanyaga swichi, nikapiga, na yule mtu wa chuma akaingia palipo pake. Nilimwona kiongozi amesimama kando ya spika, kichwa kikienda mbele na nyuma. Wiki iliyofuata tulikwenda Mang'ula, kwenye sherehe ya wafanyakazi wa mashamba ya miwa, watu wa mikoa yote, wasioruhusu mwanamuziki kupumzika. Waliinua mabega. Huko nyuma, gitaa la pili lilipokuwepo, waliinua vile vile.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba haipo. Nilipenda. Nilipenda kujisikia mara mbili. Unapiga noti moja na unarudishiwa, unafuatwa na mtu asiyekosea, asiyechoka, asiye na kingine cha kusema ila ulichosema wewe. Watu walinitazama mimi tu. Kufika wiki ya pili nilikuwa natunga vipande vipya kwa ajili ya kiboksi, vipande ambavyo shemeji asingeweza kuvijibu kwa sababu havikuwa na mahali pa mtu kuingia.

Wiki ya tatu tulialikwa Masagati, mbali, mbele ya Mlimba. Kiongozi alikuwa amepata spika kubwa ya besi, na haikuenea nyuma ya gari. Ikawekwa kwenye kiti cha shemeji, ikafungwa mkanda kama abiria. Njiani, gari likiyumba kwenye matope, kiongozi akageuka kuitazama akasema, "Huyu mwenzetu mzuri. Haombi ruhusa ya kwenda kuamia."

Wote walicheka. Mimi nilicheka nao.

Shemeji alirudi siku mbili baadaye, ngozi imeungua, sauti imekauka kwa kupiga kelele. Alioga, akala, na alasiri ya Alhamisi tukaenda naye mazoezini, gitaa lake likiwa kwenye mfuko wa sandarusi. Kiongozi alimpokea vizuri. Akamuuliza habari za mpunga, na shemeji akamwambia ndege wa mwaka huu walikuwa na heshima kidogo. Halafu kiongozi akasema, "Kaa kwanza usikie tulivyofanya bila wewe."

Shemeji akakaa juu ya kreti la soda. Tukaanza. Kiboksi kilikuwa mbele ya kiatu changu, taa yake ndogo imewaka. Kukizima kulitaka kisigino kishuke kiasi cha unene wa kidole. Sikushusha. Nilijiambia nitakizima kwenye wimbo wa pili, kwamba si adabu kukatiza katikati. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, na kutoka katikati ya wimbo hakunitazama usoni wala mikononi. Alitazama mguu wangu.

Tulipomaliza, kiongozi akamwambia, "Unaona mwenyewe. Gari limejaa, spika haina pa kukaa. Kwa sasa pumzika, tukipata kazi kubwa tutakuita." Kisha akanigeukia. "Au wewe unaonaje?"

Aliniuliza kweli. Sikusukumwa, sikutishwa, mlango ulikuwa wazi mbele yangu. Nilikuwa mpiga solo pekee, na ningesema bila shemeji sipigi, angekuna kichwa na kuifunga ile spika juu ya paa. Nikasema, "Tuone itakavyokuwa."

Maneno mawili. Nimeyasema sehemu nyingi maishani, kwa wenye nyumba na kwa wanawake waliotaka kujua kama nitabaki, na daima yamekuwa na maana moja.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Tulipofika nusu ya njia shemeji akasema, "Hata mpiga ngoma tulimwambia hivyo." Ilikuwa kweli. Kabla sijafika, bendi ilikuwa na mpiga ngoma, kiongozi akanunua kinanda chenye ngoma ndani yake, na shemeji alikuwa mmoja wa walionyamaza. Aliniambia habari hiyo kana kwamba ananipunguzia mzigo. Mimi nikaipokea, nikajipunguzia.

Wiki hiyo hiyo nilihamia chumba kimoja karibu na soko. Nilisema ni kwa ajili ya kazi, wateja wanataka fundi wa karibu. Zamani gari la bendi lilikuwa likipita nyumbani kwa dada kila Jumamosi saa tisa na kupiga honi, tukatoka wawili. Sasa lilinichukua sokoni. Jumamosi ya kwanza, tulipokaribia njia panda ya mtaa wa dada, dereva akapunguza mwendo kwa mazoea. Kiongozi akamwambia, "Pita moja kwa moja." Nilikuwa kiti cha nyuma, bega langu limegusa spika. Niliitazama ile njia panda mpaka ikapita.

Baada ya miezi minne nilianza kuona mji wote unanitazama mguu. Nikaondoka kwenda Tunduma. Nilimuaga dada, shemeji alikuwa shambani, na nilichagua siku ambayo angekuwa shambani.

Mwaka huu nimerudi. Dada alinitazama nikishuka kwenye bodaboda, akaona mzigo, akaniacha nile kwanza. Kisha akaniambia jambo ambalo alikuwa amelitunza miaka minne.

"Ulipohama, alikuwa anaoga kila Jumamosi," akasema. "Saa nane anaoga, anavaa shati lake jeupe, anakaa mlangoni na gitaa kwenye mfuko. Anasubiri honi."

"Kiongozi alimwambia apumzike."

"Alimwambia watamwita. Na yeye akawa anasubiri kuitwa. Jumamosi nne. Nikamwambia, nenda kawaulize, miguu unayo. Akaniambia, shemeji yuko mle, kama kuna neno angelileta." Dada akaanza kukusanya vyombo. "Jumamosi ya tano alivaa nguo za shamba. Gitaa akawauzia wanakwaya wa Mlimba. Sijamsikia hata akipiga mluzi."

Akavibeba jikoni.

Kesho yake nilimtafuta kiongozi. Amezeeka, kinanda kimeharibika mara mbili, na mpiga solo wa sasa ni mtu wa kukosa siku. Nilimweleza shida yangu. Akafikiri, akasema harusi ipo Mang'ula wiki ijayo, nimlete shemeji, nafasi atapata. "Mimi sikuwa na ugomvi naye," akasema. "Nilikuuliza wewe."

Nikavuka daraja nikiwa na gitaa langu mgongoni. Ni msimu wenyewe, mpunga unajaa maziwa. Nilimkuta shemeji juu ya dungu, kamba tatu zimefungwa kwenye nguzo, amekonda kidogo lakini ni yule yule.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Panda. Kaa upande huo. Ukiona wingu dogo linakata kona, vuta ya kushoto."

Nikapanda, nikakaa, nikavuta. Makopo yakalia mpaka mwisho wa shamba na wingu likainuka kwenda kwa jirani. Tuliendelea hivyo karibu saa nzima, yeye akinisimulia habari za maji ya mwaka huu na nguruwe waliobomoa tuta. Kila nilipotaka kuanza, ndege walikuja, au yeye alisema wamekuja.

"Shemeji," nikasema hatimaye. "Nilitakiwa kukizima."

"Ndiyo."

"Sikuzima."

"Nilikuwepo," akasema, akavuta kamba ya katikati ingawa sikuona ndege.

Nikamwambia nilikotoka. Nikamwambia harusi ya Mang'ula, kiongozi amekubali, gitaa hili hapa apige yeye, na kiboksi nimekiacha kwa dada. "Mimi nitabaki hapa niamie. Wiki tatu zote. Wewe nenda."

Alicheka, kicheko kile kile cha zamani, na kwa muda mfupi nikadhani tumefika. "Wewe? Siku ya nne utasikia honi ya lori kule barabarani. Nikirudi nitakuta ndege wamekula mpaka majani."

"Nitakaa."

Akanionyesha mkono wa kushoto, ncha za vidole zimepasuka, ngumu kama kwato. "Hivi sasa ni vya jembe."

"Vitarudi. Wiki moja tu ya mazoezi."

"Labda virudi. Lakini mimi siendi tena kukaa kwenye kreti nikitazama mguu wa mtu." Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyosema shamba lipi lina chumvi na lipi halina. "Na usimlaumu yule mzee. Yeye alitafuta nafasi ya spika. Mimi kile kitu nilikupa wewe, kwa wiki tatu."

"Nisamehe, shemeji."

"Nimesikia."

Sikujua kama hilo lilikuwa jibu. Bado sijui. Upepo ulipita juu ya mpunga, akaufuata kwa macho mpaka pembeni.

"Ila kama kweli umekuja kuamia," akasema, "basi amia. Tangu wiki iliyopita sijapata usingizi wa mchana."

Akanikabidhi kamba zote tatu, akashuka, akatandika mkeka kivulini chini ya dungu. Alifunika uso kwa shati. Alilala kabla sijapata hata kuuliza kamba ipi ni ya mashariki.

Wingu la kwanza lilikuja baada ya muda mfupi. Nikashika kamba, kisha nikaona kwamba makopo yangemwamsha, yalikuwa yamefungwa juu ya kichwa chake. Nikavua viatu, nikashuka polepole, nikaingia kwenye majaruba. Nilikimbia kwenye matope bila kufungua mdomo, nimeshika shati langu mikononi nikilipunga, na ndege wakainuka mbele yangu na kutua nyuma yangu. Nikageuka. Nilifanya hivyo jua lote la alasiri, kutoka tuta hadi tuta, pumzi zinaniishia, na kila nilipopita karibu na dungu nilitembea kwa vidole.

Aliamka jua likiwa limeshuka sana. Akakaa, akajikuna shingo, akalitazama shamba kutoka pembe hadi pembe, halafu akanitazama mimi, matope mpaka kiunoni.

"Upande wa mashariki wamekula," akasema.

"Wamekula kidogo."

"Kesho anza na huo."